Breki ya Bunduki

Ndani ya basi la Isikizya, Tekla aliwasikiliza wanaume wawili waliokaa mbele yake, wote wametoka mjini kuhuisha leseni za bunduki. Sixbert, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa amefunga breki kwenye mdomo wa mtutu ili bunduki isimpige teke begani. Sasa alikuwa akimshawishi mzee Masele naye afunge.

"Breki?" Masele alicheka kwa dharau. "Kwani bunduki inakwenda wapi? Ya kuulia digidigi hiyo, teke lake halimwamshi hata mtoto mgongoni!"

"Ati nini, mzee wangu?"

"Nasema una bega la andazi! Na hicho kidude kinakurudishia mlio wote usoni."

"Lakini bega haliumi!"

Tekla aliliangalia bega lenyewe. Gunia la karanga hakika lilikuwa halijawahi kulifikia.

Basi likasimama. "Isikizya!" konda akaita. Akaita tena, kisha akapiga bati kwa kiganja. Masele alishuka bila kuaga. Sixbert akamgeukia Tekla, akapaza sauti: "Samahani, mama, Isikizya bado ni mbali?"