Silinda Hedi Iliyokataa Sumaku

Macho hayana pazia, na masikio ya mshonaji hayakuwa hata na mlango. Katika kiti cha mbele yake basini, mjane alipakata silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ya gari la mashindano la marehemu mumewe. Ndiyo mali pekee aliyoachiwa, na alikuwa akiipeleka kumuuzia mpenzi wa magari ya kale. Jirani yake, fundi wa injini asiyemjua, aliomba kuiona.

Fundi akaipakata, akatoa sumaku mfukoni, akaigusisha. Haikushika. "Pole, dada. Hii si chuma, ni aluminiamu ya kuyeyushwa iwe sufuria. Niachie mimi, nikupunguzie mzigo."

"Marehemu alisema za chuma ndizo za kila gari. Za mbio ni nyepesi hivi."

"Marehemu alikuwa dereva, si fundi."

"Na wewe ni fundi au fisi? Kama ni takataka, mbona umeivulia koti kuifunika?"

Mshonaji alichungulia. Kweli, koti lilikuwa la kitambaa kizuri, kisichostahili grisi.

Basi likasimama. Mjane akainuka, akanyoosha mikono yote miwili arudishiwe mali yake. Fundi alikuwa bado anafunga vifungo vya koti kuizunguka.