Bi. Muthoki Anakabidhi Ufunguo wa Ghala la Asali

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 1996, Bi. Muthoki Kiilu anastaafu baada ya kulitumikia kanisa letu la Zombe kwa miaka ishirini na minne. Atafunga ghala la asali, atamkabidhi ufunguo Kavata anayechukua nafasi yake, kisha atarudi kuusukuma mlango kuona kama kweli umefungwa. Sisi tunaomjua tunasema atarudi mara mbili.

Aliajiriwa mwaka wa 1972, kanisa lilipochoka kugawa mahindi ya msaada kila mvua ikikosa, likaamua kuanzisha biashara ndogondogo ili watu wajitegemee. Kwanza ilikuja mashine ya unga, ambako mimi nipo hadi leo, na Bi. Muthoki akawa karani wetu. Kisha tukajenga tanuri la mikate. Mikate ya kwanza ilikuwa migumu hata mchungaji akashauri iombewe kabla ya kukatwa na tena kabla ya kumezwa. Bi. Muthoki akahamishiwa huko, na haukupita muda mikate ikawa inaliwa hata na wenye meno machache.

Mwaka wa 1979 alipewa ghala la asali, na hapo ndipo alipofika kwake. Hakuna debe lililopita mlangoni bila yeye kulinusa, hata liwe la mchungaji. Aliamini asali haichujwi kwa pupa, hivyo akapiga marufuku mapambio ghalani. Kina mama waliruhusiwa kuimba tenzi za polepole tu.

Shida ni kwamba asali ilikuwa na jina baya kanisani. Kila mtu alijua kuwa asali nzuri ya Zombe huishia kwenye kaluvu, ile pombe yetu ya asali. Mwenye mizinga mingi kuliko wote, Mzee Kivuva, alikuwa ametengwa na kanisa kwa sababu ya kuitengeneza. Wafugaji nyuki wengine walimtazama yeye, naye akagoma kutuuzia. Bi. Muthoki alipomwendea, mzee huyo alimuuliza mbele za watu mzinga wake yeye uko wapi. Siku hizo mzinga ulikuwa mali ya mwanamume, na ulichongwa alama ya ukoo wake. Bi. Muthoki alirudi na madebe matupu, na tuliona kwamba swali lile lilimuuma. Kamati ya kanisa nayo ikasema asali isipopatikana, ghala litafungwa kabla ya Krismasi.

Kisha ikatokea ile habari ya pipa. Bi. Muthoki, ambaye hajawahi kutupa kitu maishani, aliagiza masega yaliyokamuliwa yasuuzwe, na maji yake yawekwe kwenye pipa ili yatie utamu chai ya wazee. Akayasahau. Joto la Oktoba halikuyasahau. Kamati ilikuwa imeketi chumba cha pili, mwenyekiti Mzee Muli akiomba, kifuniko kiliporuka kwa kishindo na harufu ikaingia kabla ya amina.

Mzee Muli alitaka ghala lifungwe siku hiyohiyo, na Bi. Muthoki asikaribie Meza ya Bwana. Wengine wakasema kwanza ithibitishwe kwamba ni pombe. Hapo ikawa kazi. Nani aonje? Mzee ambaye angesema ni pombe angeulizwa ameijulia wapi. Mwishowe ikabidi aitwe mtaalamu.

Mzee Kivuva alikuja amevaa koti, akaonja, akafumba macho, akatema.

"Hii si pombe," akawaambia wazee. "Pombe mimi naijua. Hii ni maji imeharibika. Mtu akiniletea kitu kama hii, kwanza nafunga mbwa yangu, isikunywe."

Aliposikia kwamba Bi. Muthoki alikuwa karibu kuadhibiwa, akaongeza kuwa mama huyu hawezi kutengeneza pombe hata akifundishwa.

Wazee walicheka, Mzee Muli akiwa wa mwisho. Bi. Muthoki alicheka huku analia. Siku ya soko iliyofuata, Kivuva alileta madebe mawili ya asali, akisema sasa ana hakika kwamba mikononi mwa mama huyu haitageuka kuwa mshindani wake. Wenzake wakamfuata, wengine kutoka mbali kama Kanyangi. Watoto wengi wa hapa wamesomeshwa na asali hiyo, na miaka ya ukame iliyokuja baadaye, nyumba nyingi zilijinunulia chakula zenyewe. Hiyo ni kazi ya Bi. Muthoki, na tunamwonea fahari sana.

Kamati imemnunulia saa ya ukutani. Ni saa nzuri. Lakini Jumanne Mzee Kivuva, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo, alifika ghalani na punda aliyebeba mzinga mpya. Ameuchonga mwenyewe. Alama iliyo juu yake si ya ukoo wowote tunaoujua. Ni ufunguo. Aliuweka mzinga huo miguuni pa Bi. Muthoki, akamwambia kwamba sasa akiulizwa ana la kujibu. Bi. Muthoki aliipapasa ile alama kwa kidole. Akaenda zake nyumbani na mzinga wake, na kwa mara ya kwanza tangu 1979, aliacha mlango wa ghala wazi.

Asante, Bi. Muthoki, kwa pua yako, kwa tenzi zako na kwa moyo wako. Mungu akupe mvua, maua mengi na usingizi mtamu. Jumatatu usije kukagua mlango. Njoo siku utakapovuna, upange foleni na debe lako kama wengine, na ukubali Kavata alinuse kwanza.

Kiema Ndolo, mashine ya unga