Hakimu Hapigiwi Simu

ZUBERY: Haloo, mahakamani? Zubery hapa, posta Sumbawanga. Bwana hakimu, simu yako hii, dakika tatu, inatoka—[mkwaruzo]

NSAJIGWA: Ndiyo, mheshimiwa! Lile jambo lako limekwisha. Yule mama nimemweka mahabusu kama ulivyoagiza, na—

SUMA: Haloo? Baba?

NSAJIGWA: Ni nani?

SUMA: Ni mimi, Suma! Napiga kutoka shuleni, Mbeya. Shikamoo, baba.

NSAJIGWA: Marahaba... marahaba, mwanangu. Kuna nini? Unaumwa?

SUMA: Siumwi. Ulidhani ni nani?

NSAJIGWA: Mambo ya kazi tu. Sema haraka, dakika zinakwenda.

SUMA: Kesho tuna mdahalo wa Katiba mpya. Nani mkubwa: Serikali, Bunge au Mahakama? Wenzetu watasema Chama kimeshika hatamu, basi imekwisha. Mimi nasema—

NSAJIGWA: Unasema nini?

SUMA: Mkubwa ni Katiba! Hao wote wako chini yake. Bunge litunge sheria, Serikali iitekeleze, Mahakama iamue, na hakuna anayeingiza mkono kwenye chungu cha mwenzake. Na mfano wangu ni wewe.

NSAJIGWA: Mimi? Aa, Suma, hapana—

SUMA: Nimeshamsomea mwalimu, akapiga makofi! "Baba yangu ni hakimu wa mahakama ya mwanzo. Alinifundisha kwamba hakimu hapigiwi simu akaambiwa amfunge nani." Si ulisema hivyo?

NSAJIGWA: [kimya]

SUMA: Haloo? Laini imekata?

NSAJIGWA: Nipo.

SUMA: Baba... yule mama wa mahabusu. Kafanya nini?

NSAJIGWA: Amekataa kuhamia kijiji cha ujamaa. Anasema keshafukia majani kwenye matuta yake, anangoja yaoze apande maharage. Akihama sasa, kazi yote imepotea.

SUMA: Sasa hilo ni kosa gani?

NSAJIGWA: Ni... ni ukaidi.

SUMA: Ukaidi uko kwenye sheria ipi?

NSAJIGWA: Usinihoji kama polisi, mtoto wewe!

SUMA: Samahani, baba. Nauliza kwa ajili ya mdahalo tu. Wazee wa baraza walisemaje? Si ulisema hakimu bila wazee wake wawili ni mtu tu aliyekaa kwenye kiti?

NSAJIGWA: Hawakukaa.

SUMA: Hawakukaa kwa nini?

NSAJIGWA: Sikuwaita. Niliambiwa jambo liishe leo... [mkwaruzo] ...usiku nitakosa usingizi, Suma, usiniongezee.

SUMA: Ni mama gani, baba?

NSAJIGWA: Huwajui wote wa huku.

SUMA: Matuta ya majani, maharage... Ni wa kule nyuma ya nyumba yetu? Baba, si Mama Albina?

NSAJIGWA: Ndiye.

SUMA: Yallah! Mama Albina aliyenilea mama alipofariki? Aliyenibeba mgongoni akilima?

NSAJIGWA: Basi, mwanangu.

SUMA: Alikuambia nini alipoletwa?

NSAJIGWA: Afadhali angenitukana! Alipiga goti mbele ya meza yangu akasema, "Shikamoo, mheshimiwa." Mtu aliyekuwa akiniita mwanangu, Suma! Ananiamkia mimi!

SUMA: Ukamwitikia?

NSAJIGWA: Nikaitikia. Macho yangu yalikuwa kwenye kalamu. Aibu, mwanangu, aibu tupu.

ZUBERY: Dakika zimekwisha, jamani, nakata—

SUMA: Ngoja, opareta! Baba, kesho nisimame niseme nini? Jina lako nimeshalitaja!

NSAJIGWA: Lifute. Sema hakimu hapigiwi simu, lakini usilitaje langu. Sikustahili—

SUMA: Baba, msalimie Mama Alb—[mkwaruzo, kimya]

ZUBERY: Laini imekatika. Bwana hakimu, usiweke chini. Kuna nyingine inasubiri. Ni bwana mkubwa, Mkuu wa Wilaya, anauliza kama lile jambo limekwisha.

NSAJIGWA: Zubery, ile simu yake ya asubuhi... uliisikia?

ZUBERY: Mheshimiwa, mimi naunganisha tu.

NSAJIGWA: Uliisikia?

ZUBERY: Niliisikia. Na wewe nilikusikia ukisema "ndiyo, mzee," mara nyingi.

NSAJIGWA: Na binti yangu sasa hivi?

ZUBERY: Naye pia. Nisamehe, kaka.

NSAJIGWA: Huna kosa.

ZUBERY: Anang'aka huyu. Nikuunganishe, au niseme umetoka?

NSAJIGWA: Usimdanganye. Mwambie hakimu amekwenda mahabusu kumfungulia Mama Albina. Akiwa na mashtaka, ayalete mahakamani, mbele ya wazee wa baraza, kama mtu mwingine yeyote.

ZUBERY: Nimwambie kwa maneno hayo hayo?

NSAJIGWA: Hayo hayo.

ZUBERY: Atakuhamisha, kaka. Atakupeleka Mtowisa ukaozee huko bondeni.

NSAJIGWA: Na anipeleke. Weka simu, Zubery. Kuna mtu mzima sijamwamkia tangu asubuhi.