Fundi Itaingia na Sampu ya Gari la Mama Mkwe

Mwisho wa mwezi huu, tarehe thelathini, Fundi Mkuu wa karakana yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kazini tunamwita Itaingia, na wengi wetu hatuna hakika kama wazazi wake walimpa jina lingine. Hili alilipata kwa jasho lake. Mlango ukigoma kukaa, au betri ikiwa kubwa kuliko nafasi yake, jibu lake lilikuwa moja: "Itaingia." Kisha mkono ukaenda kwenye nyundo.

Na kusema kweli, vitu vingi viliingia. Kazi ilikuwa kuvitoa. Basi la wafanyakazi mpaka leo lina redio ambayo hakuna aliyeweza kuing'oa wala kuizima.

Alianza kwa kuosha magari, akapanda ngazi mpaka juu, au tuseme mpaka chini, maana maisha yake mengi ameyapitisha chali uvunguni mwa magari. Wakurugenzi wamekuja na mikakati mipya na kuondoka nayo. Yeye aliwasikiliza wote akiwa amelala huko huko, miguu tu ikionekana.

Lakini kisa kitakachobaki midomoni mwetu ni cha gari la mama mkwe wa Mkurugenzi. Lilikuwa gari la kizamani, rangi ya maziwa, aliloachiwa na marehemu mumewe. Injini yake ilikufa kabla ya marehemu mwenyewe. Mkurugenzi, ambaye mama huyo hajawahi kumsamehe kwa kumwoa bintiye, aliahidi mbele ya ukoo mzima kwamba atalifufua kwa kulitia injini ya gari la kisasa. Baada ya kuahidi ndipo akaja kumuuliza Itaingia kama jambo hilo linawezekana. Jibu mnalijua.

Siku ya kushusha injini ofisi nzima ilihamia karakana, kwani ghafla hakuna aliyekuwa na kazi mezani. Mama mkwe alikuja na kigoda chake, akaketi. Injini ikashuka vizuri kwenye winchi, kisha ikakwama. Sampu, yaani lile bakuli la chuma linaloshika oili chini ya injini, lilikuwa limeukalia mhimili wa mbele wa gari kama kuku anayeatamia. Injini ikabaki juu juu, na boneti likakataa kufunga.

Mkurugenzi akaitisha kikao. Afisa Mipango alipendekeza mhimili ukatwe. Mhasibu akaona heri boneti litobolewe. Afisa Uhusiano akashauri gari lipigwe picha kwa nyuma tu. Itaingia hakungoja kikao kiishe. Aliifungua sampu, akaitwanga kwa nyundo hadi tumbo lake likabonyea, akairudishia. Injini ikakaa, boneti likafunga, makofi yakapigwa. Taarifa iliyokwenda kwa bodi ilisema kikwazo kimeondolewa kwa uongozi thabiti.

Ikaja siku ya kukabidhi gari mbele ya wageni. Mama mkwe aliketi kiti cha mbele, Mkurugenzi akashika usukani, akawasha. Injini ikanguruma vizuri tu, ila taa nyekundu ya oili ikagoma kuzimika. Mkurugenzi akasema ni balbu.

Itaingia alijua si balbu. Kule kubonyeza sampu kulikuwa kumekisukuma kitako chake juu mpaka kikaziba mdomo wa bomba linalonyonya oili. Pampu ilikuwa inanyonya kama mtu aliyewekewa kiganja kinywani. Kilima cha nje ya geti kingetosha kuikaanga injini. Angeweza kunyamaza. Gari likifia barabarani mwenye kosa ni dereva; hiyo ndiyo sheria ambayo karakana hii imeilinda vizazi na vizazi. Wageni walishaanza kupunga mikono.

Akaenda dirishani, akaingiza mkono, akazima gari.

"Mama, naomba ushuke," alisema. "Haijaingia. Mimi ndiye niliyeilazimisha."

Mkurugenzi akatabasamu, tabasamu la mtu anayetafuta wa kumfukuza kazi. Mama mkwe alishuka taratibu, akamtazama fundi kuanzia viatu mpaka kofia.

"Marehemu alikuwa akiniambia gari limepona kila Jumamosi," alisema. "Wewe ni wa kwanza kuniambia halijapona. Litakuwa tayari lini?"

"Sijui, Mama."

Tuliokuwepo tulitazamana. Maneno mawili mapya katika siku moja, kwa mtu wa umri wake, yalitutia hofu ya afya yake.

Kuanzia hapo alizunguka kwa wauza vyuma chakavu, akagundua njiani kwamba injini ile ile hufungwa pia kwenye pikapu, na sampu ya pikapu tumbo lake liko nyuma, mbali na mhimili. Akaichukua pamoja na bomba lake la kunyonyea na kijiti chake cha kupimia oili, akaifunga kwa gasketi mpya. Nyundo haikuguswa. Taa ya oili iliwaka, ikazimika kama inavyotakiwa. Safari hii mama mkwe alishika usukani mwenyewe, akatoka getini, akamwacha Mkurugenzi amesimama na koti mkononi.

Mhariri wa jarida hili aliomba sentensi hiyo ya mwisho iondolewe. Tumemwambia tutalifikiria kwenye kikao.

Kaka yetu, tunakushukuru kwa magari yote uliyoyatoa makaburini, na hata yale uliyoyapeleka. Nenda ukapumzike, mgongo wako uonje godoro badala ya sakafu. Shemeji ametuomba jambo moja tu: mwezi wa kwanza asije mtu nyumbani kwake na gari bovu. Wote tumeahidi. Mkurugenzi bado anafikiria.