Gobnait Ní Chinnéide na Ukoo wa Neno la Zambarau

Marehemu Mwalimu Gobnait Ní Chinnéide alizaliwa tarehe 11 Februari 1941, hapa Baile an Fheirtéaraigh, siku ya mtakatifu ambaye alipewa jina lake, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Muiris na Mama Léan, akasoma shule ya parokia, kisha chuo cha ualimu Dublin, akarudi kufundisha watoto wetu kuanzia Septemba 1962 hadi alipostaafu.

Tarehe 8 Agosti 1967 alifunga ndoa na seremala Seosamh Ó Mainín, aliyemtangulia, wakajaliwa Eibhlín na Cormac.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutafuta ukoo wa neno la Kiayalandi corcra, ile zambarau yetu, akalifuata kuanzia miamba ya hapa, ambako bibi yake alikwangua ukoga na kuuloweka kwenye mkojo uliochacha ili apate rangi, hadi kwa Wakristo wa kwanza waliotuletea Kilatini, ambacho kilisema purpura, nao wahenga wetu, kwa kuwa hawakuwa na sauti ya P, wakaitamka kwa K, na kabla ya hapo hadi kwa Wagiriki, waliomwita porphyra konokono wa baharini aliyewapa rangi.

Mwaka 1974 alimkabidhi utafiti huo Dkt. Fiachra Mac Giolla, aliyekula mkate wake na kunywa chai yake, ili amsaidie kuuchapisha, naye akauchapisha kweli, kwa jina lake mwenyewe, bila kumtaja Gobnait hata kwenye shukrani, na kaka zake Gobnait walipotaka kwenda kumkunja shati aliwazuia akisema, "Mwacheni huyo, amemeza na mfupa."

Mfupa wenyewe ni huu, kwamba kitabu hicho kinafundisha hadi leo kuwa mkojo wa kutilia rangi ulikuwa lazima uwe wa padri, utani ambao bibi yake aliwafanyia wageni wenye maswali mengi, na ambao Gobnait aliuandika pembeni kwa kujichekesha, na kila toleo jipya lilipotoka alituita jikoni akatusomea ukurasa huo, tukacheka mpaka machozi, Padri Ó Sé akiwemo.

Aprili 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2024, baada ya kutuagiza, "Siku ya kunizika semeni yote, na huyo bwana mumkalishe mbele."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Tralee, majirani waliochimba kaburi, walimu wenzake, na wewe Daktari, kwa kukubali kiti cha mbele.

Gobnait, pumzika kwa amani, huyu tuachie sisi.