Maji Yaliyoganda Mkononi mwa Mama Mkwe

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, yaani mimi, na asubuhi ile Fundi Friji alikaa hapo akiikoroga kahawa yake bila kuinywa. Jana alimtengenezea mama mkwe wake friza. Leo mama katoa chupa ya maji, maji ni maji kabisa, ila alipoitua mezani, tak! yakaganda yote mbele ya macho yake. Kaapa hataki tena friza wala mkwe mpaka aelezwe. Na alikuwa njiani kuja kwetu.

— Jamani, nimwambie nini? akalia Fundi.

— Ukweli, akasema Mwalimu, aliyestaafu kufundisha sayansi lakini hajastaafu kusema. Maji ni chembe ndogondogo. Zikiwa na joto zinazurura. Zikipoa zinajikusanya vikundi vikundi. Hiki kinajipanga, kile kinavunjika. Barafu ni pale zote zimeshapata nafasi.

— Mbona baridi ilikuwepo na hazikuganda? nikauliza.

— Hakikutokea kikundi cha kushikamana mpaka mwisho. Chupa ilipogonga meza, chembe za kwanza zikatulia, zingine zote zikazifuata.

— Zilikosa mwenyekiti! akadakia Injinia, ambaye uinjinia wake wote ni ile kofia ngumu anayovaa. Kila chupa ina chembe mwenyekiti. Mama alipogonga meza, akadhani kikao kimefunguliwa.

— Acha bwana! nikamwambia. Na maji yanayochemka?

— Hayo yamevunja kamati.

— Na mvuke?

— Wajumbe waliosusa!

Fundi akajishika kichwa.

— Yaani nikamwambie mama mkwe friza yake ina mwenyekiti?

Kabla hajajibiwa, huyo mama, na chupa kaifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Tukasimama wote.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Haya, nasikiliza.

Mwalimu akamweleza, taratibu, tangu kuzurura hadi kupata nafasi. Injinia kila akifungua mdomo, nilimkanyaga mguu.

— Kwa hiyo mkwe wangu hajaniroga?

— Hata kidogo, mama.

Fundi akashusha pumzi ndefu.

— Sawa, akasema mama. Ila hapo kwenye kujipanga. Zote zilikuwa zinazurura, zote zina baridi ileile. Ile ya kwanza kutulia, kwa nini ilikuwa ile na si jirani yake?

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Injinia akakagua paa. Mimi nikakumbuka nina wembe wa kusafisha.

Mama akatutazama mmoja mmoja, kisha akamshika mkwe wake mkono.

— Twende nyumbani ukale, mwanangu. Hawa hawajui kitu.