Mkeka wa Mke wa Tokuji

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la mama Sumi muuza kahawa, kona ya studio ya filamu pale mtaani Uzumasa, kila kikombe kilinywewa kwa mashaka. Jana yake Kuzuhara, mwongozaji filamu anayesifiwa hadi ng'ambo, alimwendea Tokuji, mfuma tatami, ile mikeka minene ya sakafuni, kumwomba mkeka mmoja wa kutumia katika filamu: si mpya, bali ule uliochakaa nyumbani kwake, ambao marehemu mkewe alikuwa akiukalia kushona. Jibu lilitakiwa leo saa nne.

— Mzee Toku, usitoe! alisema Wembe, kinyozi. Mtu anaweza kununua duka zima, anataka mkeka mbovu? Penye miti hapana wajenzi!

— Methali hiyo inaingiaje? aliuliza Mvuke, mchochea moto wa bafu la mtaa.

— Inaingia tu. Na wewe, huyo mwongozaji alikuchukulia nini?

— Ndoo kumi. Kazifungia kabatini, na kabati lenyewe kwenye filamu halifunguliwi!

— Umeona? Huyo anakusanya ushahidi. Ni mtu wa kodi.

— Kodi wapi! Anajenga mtaa wetu mwingine kule ndani ya studio. Ukikamilika, sisi nje, waigizaji wanahamia. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Basi mkeo atapata mume mwenye sura nzuri.

Tokuji hakucheka. Mikeka mingine yote ya nyumba alikwisha kuigeuza na kuivisha nyasi mpya, huo hakuugusa. Ulikuwa na kibonde, kazi ya miaka thelathini ya kukaa. Je, mwigizaji akikikalia, na watu wakaangua kicheko?

Saa nne akaja Orie, dada wa daftari, anayeandika kila kitu katika filamu za Kuzuhara. Akainama.

— Samahani, wazee wangu. Nimetumwa swali. Marehemu alipokuwa akishona, alielekea bustanini nyuma ya nyumba, au dukani mbele? Bwana anasema asipojua hilo, mkeka hauchukui.

Tokuji akaweka kikombe chini. Miaka yote hiyo yeye alifumia dukani, amempa mkewe mgongo. Alichokijua ni mlio wa mkasi tu.

— Ningoje, mwanangu.

Akaenda nyumbani, akavua viatu, akakaa kibondeni. Akaelekea bustanini: jua likampiga machoni, hata sindano isingeonekana. Akageukia dukani. Mlango ulikuwa wazi, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kutazama ila mahali pake mwenyewe pa kazi.